Mikweche Chini ya Nyota: Picha za Usiku za Magari Yaliyotelekezwa

Upigaji picha za magari yaliyotelekezwa chini ya anga la usiku ni tawi dogo la sanaa ya picha linalodai vitu viwili ambavyo mkazi wa mjini havipati kwa urahisi, yaani giza la kweli na chombo ambacho mwenyewe amekiacha kizeeke pale pale kilipokwama. Vitu hivyo viwili, ingawa havionekani kuwa na udugu wowote, huzaliwa na mama mmoja, naye ni umbali. Mahali ambapo gari likivunjika ekseli gharama ya kulivuta hadi gereji huzidi bei ya gari lenyewe, ndipo pia ambapo nguzo za umeme hazijafika, hakuna mabango yanayomulikwa usiku kucha, na jua likishazama nyota huonekana hadi zinapokutana na ardhi. Kwa hiyo anayekwenda mbali kutafuta mkweche wa namna hiyo hana haja ya kutafuta anga. Hukuta lipo tayari juu yake.

Namibia ni mfano ulio wazi wa jambo hili. Eneo la nchi hiyo ni kilometa za mraba takriban 825,000, dogo kidogo kuliko la Tanzania, lakini sensa yake ya mwaka 2023 ilihesabu watu wapatao milioni 3 tu, ilhali ile ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 61. Barabara nyingi za kusini na magharibi ni za changarawe, na dereva anaweza kwenda masafa marefu bila kukuta pampu ya mafuta. Pembezoni mwa jangwa la Namib, karibu na makutano ya barabara za C14 na C19, kipo kituo kidogo kiitwacho Solitaire chenye pampu za mafuta, duka na tanuri la mikate, na kukizunguka, mchangani, yamelala mabaki ya magari ya zamani ambayo wasafiri wengi huyapiga picha kabla hata hawajajaza tangi. Rangi zimebanduka, taa za mbele zimebaki matundu, siti zimechakaa hadi springi zikaonekana, na milango mingine imesimama wazi kana kwamba dereva ameshuka kununua soda na hakurudi.

Historia ya eneo hilo inaeleza kwa nini magari hayakuondolewa. Makazi ya Solitaire yalianza mwaka 1948, Willem Christoffel van Coller aliponunua ardhi huko ili kufuga kondoo wa karakuli, aina ya kondoo wavumiliao ukame ambao ngozi za wanakondoo wao wachanga zilishonewa makoti ya kifahari huko Ulaya. Kwa miongo kadhaa ngozi hizo ziliwalisha wafugaji wa kusini mwa nchi, hadi miaka ya 1980 ambapo soko lilianguka, kwa sababu mitindo ilibadilika na upinzani dhidi ya uvaaji wa manyoya ukaongezeka, na ukame nao ukaongeza chumvi kwenye kidonda. Wapo waliohama na wapo waliogeukia utalii. Katika uchumi uliosinyaa namna hiyo, lori bovu la shambani halikuwa na pa kwenda, kwa kuwa mnunuzi wa chuma chakavu angetumia mafuta mengi kulifuata kuliko fedha ambazo angepata kwa kuliuza.

Kusini mwa Solitaire ipo hifadhi binafsi ya NamibRand, yenye ukubwa wa zaidi ya hekta 200,000, ambayo mwaka 2012 ilitambuliwa kuwa Hifadhi ya Kimataifa ya Anga la Giza, ya kwanza barani Afrika. Hadhi hiyo hutolewa na taasisi ambayo sasa inaitwa DarkSky International, iliyoanzishwa mwaka 1988 mjini Tucson, Arizona, kwa lengo la kulinda usiku dhidi ya mwanga wa ovyo, yaani mwanga wa taa unaomwagika juu angani badala ya kumulika pale unapohitajika. Giza lenyewe hupimwa kwa kipimo cha Bortle, kilichobuniwa na mtazamaji nyota wa Kimarekani John Bortle mwaka 2001, chenye madaraja 9: katikati ya jiji kubwa ni daraja la 9, ambako hata nyota zinazojulikana na kila mtu ni za kutafuta, na daraja la 1 ni mahali ambapo sehemu angavu zaidi ya Njia Nyeupe, yaani ule mkanda wa nyota unaokatiza anga kama moshi, humtupia mtu kivuli hafifu chini. Msomaji aliyekulia mjini ataona hilo kuwa chumvi iliyozidi, lakini ni maelezo ya Bortle mwenyewe.

Kutu nayo ina sehemu yake katika habari hii. Chuma hupata kutu kinapokutana na oksijeni na maji kwa pamoja, na chumvi huharakisha kazi hiyo, ndiyo maana mabati ya nyumba za pwani hayadumu kama ya bara. Jangwani maji ni haba, kwa hiyo kutu hutambaa taratibu, hupaka bodi rangi ya kahawia iliyoiva na kuishia hapo kwa miaka mingi bila kuitoboa. Kwenye ufuko wa Namibia mambo ni kinyume, kwa sababu mkondo baridi wa bahari uitwao Benguela huleta ukungu wenye chumvi, na meli ya Eduard Bohlen, iliyokwama mwaka 1909 na ambayo leo imezungukwa na mchanga mita mia kadhaa kutoka majini, imeliwa hadi kubaki mbavu. Mpiga picha anayetaka umbo la gari likiwa bado linatambulika, pamoja na madigadi na boneti yenye mikunjo ya kiwandani, atafanya vyema kukaa mbali na bahari.

Sanaa yenyewe haikuanzia Afrika. Mjini Paris, mpiga picha Brassaï alitoa kitabu chake cha picha za usiku mwanzoni mwa miaka ya 1930, na inasimuliwa kwamba alipima muda wa kuacha lenzi wazi kwa sigara: sigara ya aina moja penye mwanga kidogo, na ya aina nyingine, nene zaidi, penye giza. Nchini Marekani, kati ya miaka 1955 na 1960, O. Winston Link alipiga picha treni za mwisho za mvuke za kampuni ya reli ya Norfolk and Western usiku, akitumia balbu nyingi za kumulika zilizounganishwa kwa nyaya ili ziwake kwa mpigo mmoja. Link alisema wazi sababu ya kuchagua usiku: jua halikuwa mahali alipolitaka na hakuweza kulihamisha, lakini taa zake aliweza kuziweka popote. Hoja hiyo ndiyo msingi wa kila picha ya mkweche inayopigwa leo.

Magari yaliyoachwa yaliingia katika sanaa hiyo kwa kishindo kupitia barabara za magharibi mwa Marekani. Sheria ya mwaka 1956 ya kujenga barabara kuu za kuunganisha majimbo ilizaa njia mpya zilizopita kando ya miji midogo, na miji iliyokuwa ikiishi kwa kuuza mafuta, chakula na vitanda kwa wasafiri ilikauka. Route 66, iliyo maarufu kuliko zote, iliondolewa rasmi katika orodha ya barabara kuu mwaka 1985. Vituo vya mafuta vilivyofungwa na uwanja mzima wa magari mabovu katika jangwa la California vikawa uwanja wa kazi wa mpiga picha Troy Paiva, ambaye kitabu chake cha Lost America kilitoka mwaka 2003. Paiva alipiga picha usiku wa mwezi mpevu, akiacha lenzi wazi kwa dakika kadhaa na kuzunguka gari kwa tochi zilizofunikwa karatasi za plastiki za rangi, nyekundu ndani ya kabini, kijani chini ya boneti. Waliomfuata ni wengi, na si wote wana jicho lake. Picha nyingi za mtindo huo hutoka zikiwa zimepambwa kama ukumbi wa harusi, gari likapotea ndani ya mapambo.

Uchaguzi wa mwezi mpevu ulikuwa wa lazima kwa watu wa zama za filamu. Mwanga wa mwezi mpevu ni dhaifu kuliko wa jua kwa takriban mara 400,000, na filamu ina udhaifu wa ziada, kwamba inapoachwa wazi kwa muda mrefu usikivu wake kwa mwanga hupungua, hivyo dakika mbili za hesabu hugeuka dakika tano za kweli. Kamera za kidijitali za kizazi kilichoanza kutoka kuelekea mwaka 2008 zilibadilisha mambo, kwa sababu sensa zake, yaani kile kibamba ndani ya kamera kinachopokea mwanga badala ya filamu, ziliweza kuona nyota hafifu kwa sekunde ishirini tu. Hapo ndipo njia zilipogawanyika: kuna wanaobaki na mwezi, ambao picha zao hufanana na mchana wa ajabu wenye anga la samawati na nyota chache, na kuna wanaomkimbia mwezi kabisa, wakitafuta siku za karibu na mwezi mwandamo ili Njia Nyeupe ijitokeze. Kundi la pili ndilo linalotamba sasa. La kwanza, hata hivyo, ndilo linaloheshimu gari zaidi, kwa sababu nuru ya mwezi hulimulika lote kwa usawa na kulionyesha likiwa katika ardhi yake, pamoja na vichaka, uzio na barabara iliyolileta.

Inafaa kueleza kwa nini picha hizo zina rangi ambazo aliyesimama pale hakuziona. Jicho la binadamu lina chembe za aina mbili za kupokea mwanga. Zile zinazotambua rangi hushindwa kufanya kazi gizani, na zile zinazofanya kazi gizani hazitambui rangi, kwa hiyo gari jekundu usiku huonekana la kijivu. Kamera haina mgawanyo huo: hukusanya mwanga kidogo kidogo kama mtungi chini ya mchirizi, na ukijaa wekundu hutokea. Jicho nalo huhitaji kati ya dakika 20 na 30 kuzoea giza vizuri, na mwako mmoja wa simu huharibu subira yote hiyo, ndiyo maana wenye uzoefu huvaa kichwani tochi yenye mwanga mwekundu, ambao haulisumbui jicho sana.

Ugumu unaofuata ni kwamba nyota hazitulii, au tuseme ardhi ndiyo isiyotulia. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa, na lenzi ikiachwa wazi muda mrefu kila nyota huwa mstari. Mafundi hutumia kanuni nyepesi iitwayo kanuni ya 500: namba hiyo hugawanywa kwa urefu wa lenzi katika milimita, na jibu ni sekunde ambazo nyota zitabaki nukta; lenzi ya milimita 20 hutoa sekunde 25. Sensa za siku hizi zina macho makali kuliko kanuni hiyo, kwa hiyo aliye mwangalifu hupunguza hadi sekunde 15. Asiyetaka nukta hufanya kinyume, akapiga fremu mia mbili mfululizo na kuziunganisha kwa programu ya kompyuta, na mistari ya nyota ikazunguka juu ya gari kama nyuzi za santuri. Kusini mwa dunia mduara huo hauna nyota angavu ya kuuwekea alama kama Kutubu ya kaskazini. Kitovu chake hutafutwa kwa kuurefusha mti mrefu wa Msalaba wa Kusini karibu mara nne na nusu. Na anayefanya hivyo Nairobi, karibu kabisa na ikweta, hupata picha ambayo Namibia haiitoi: ncha zote mbili za anga zimelala kwenye upeo wa macho, nyota za mashariki hupanda wima, na mistari yake huchorwa nusu duara upande wa kaskazini na nusu nyingine upande wa kusini.

Mahali pa Njia Nyeupe katika picha pia huamuliwa na ramani. Kitovu chake kiko upande wa buruji ambazo wanaanga wa pwani waliziita Akarabu na Kausi, na mjini London hakiinuki zaidi ya digrii 10 juu ya ardhi, ilhali Dar es Salaam hufika digrii 68. Katika jangwa la Namib usiku wa manane wa Juni au Julai hupita karibu na utosi kabisa, jambo linalomfurahisha mtazamaji na kumtia shida mpiga picha, kwa kuwa gari liko chini, uzuri uko juu ya kichwa, na hata lenzi pana haiwezi kuvikumbatia vyote bila kupinda kila kitu. Wanaojua huja Machi, wakaamka saa nane za usiku mkanda huo ukichomoza kusini-mashariki, au Oktoba, saa mbili au tatu za usiku, unapoinamia kusini-magharibi na kuonekana kana kwamba unatoka kwenye bomba la moshi la lori.

Kazi yenyewe ya kuchora kwa nuru, kama inavyoitwa, inastahili kutazamwa kwa karibu. Kamera huwekwa kwenye stendi yenye miguu mitatu, chini, usawa wa goti, ili paa la gari likate anga badala ya kuzama katika ardhi. Lenzi hulengwa kwa kumulika kibati cha namba au ukingo wa boneti kwa tochi, kwa kuwa gizani kamera haioni cha kulenga. Kisha lenzi hufunguliwa, na mchoraji, aliyevaa nguo nyeusi ili asiache sura yake pichani, hutembea hadi ubavuni mwa gari na kulipitishia mwanga kutoka pembeni, karibu sambamba na bati. Pembe hiyo ndiyo siri ya ufundi. Mwanga unaotoka nyuma ya kamera hulifanya gari bapa kama picha ya pasipoti, lakini mwanga unaokwaruza bodi kutoka ubavuni huamsha kila gamba la kutu, kila kovu la kokoto na kila ripiti, na kila kimoja hupata kivuli chake. Mchoraji hujua pia kwamba akisimama mbali mara mbili mwanga hubaki robo, si nusu, kwa hiyo sekunde mbili za mita mbili huwa sekunde nane za mita nne. Mwishowe tochi ndogo ya mwanga wa manjano hufichwa chini ya dashibodi ikielekezwa juu, na kabini hujaa nuru kama chumba ambacho mtu hajalala. Tochi ikigeuka kwa bahati mbaya na kuitazama lenzi, mstari mweupe hukatiza picha na kazi huanza upya.

Wapo wanaopiga picha gari jioni mahali pamoja na nyota mwezi mwingine nchi nyingine, kisha wakaviunganisha kwenye kompyuta na kukaa kimya. Kuunganisha fremu mbili za usiku mmoja, stendi ikiwa haijasogezwa, ni desturi inayokubalika na yenye sababu za kiufundi. Kulibandikia gari la Arizona anga la Namibia ni kazi ya kubuni, na mtazamaji ana haki ya kuambiwa.

Msomaji wa Afrika Mashariki huenda akauliza kwa nini picha hizi hazitoki kwake, ilhali giza analo tele. Jibu ni kwamba gari huku halitelekezwi, huwekwa juu ya mawe. Mwenyewe huendelea kusema litatengenezwa, na wakati huo huo kabureta huenda kwa jirani, rimu hupata mnunuzi, na siku ikifika springi za majani hufuliwa kuwa mapanga, aluminiamu huyeyushwa kuwa masufuria, na bati la bodi hukatwa kuwa majiko. Uhai wa pili wa chuma una nguvu kiasi kwamba mwezi Januari 2022 serikali ya Kenya ilisitisha kwa miezi kadhaa biashara ya chuma chakavu, baada ya miundombinu ya umeme kuhujumiwa. Magari yanayosimama muda mrefu bila kuguswa ni yale ya viwanja vya vituo vya polisi, na huko hakuna anayekwenda na kamera usiku akatarajia mapokezi mema. Kwa maneno mengine, mkweche mzima chini ya nyota huonyesha mahali ambapo watu ni wachache mno kuweza kuumaliza, na hilo ndilo ambalo watalii wengi, wakisifia upweke wa picha hizo, hawalitambui.

Kuna pia suala la umiliki, kwa kuwa kuachwa si kukosa mwenyewe. Sehemu kubwa ya ardhi ya mashamba ya Namibia ina uzio na wenyewe, na magari ya Solitaire, kwa wingi wa wageni yanaowavuta, yana thamani zaidi kuliko yalivyokuwa yakitembea. Ruhusa huombwa mchana, na mchana huo huo gari hukaguliwa, kwa sababu chini ya siti iliyochanika anaweza kuwapo nge, chini ya injini anaweza kuwa amejikunja bafe, na bati lenye kutu likimkata mtu asiyechanjwa linaweza kumtia pepopunda mamia ya kilometa kutoka hospitalini. Nyayo zinazoachwa mchangani wakati wa ukaguzi huo ni za kuchungwa, maana tochi ya ubavuni itazichora zote usiku.

Adui asiyeombwa ruhusa ni mwanga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Science, uliokusanya taarifa za watazamaji wa kawaida kutoka mwaka 2011 hadi 2022, ulionyesha kuwa anga la usiku katika maeneo waliyotazamia, mengi yakiwa ya Ulaya na Amerika Kaskazini, lilikuwa likizidi kung'aa kwa karibu asilimia 10 kila mwaka. Setilaiti nazo, zilizoongezeka tangu mwaka 2019, huacha mistari katika fremu za alfajiri na magharibi, ingawa programu za kompyuta huifuta kwa kulinganisha fremu nyingi.

Usiku wa kazi humalizika jua likiwa bado digrii 18 chini ya upeo wa macho, kipimo kinachokaribiana na kile kinachotumika kukokotoa wakati wa swala ya alfajiri. Kuanzia hapo nyota hafifu hupotea moja moja, Njia Nyeupe huyeyuka, na hubaki robo saa hivi ambapo mashariki huwa samawati iliyokolea na nyota kubwa bado zipo. Tochi huzimwa. Gari huonekana kivuli kitupu, paa, usukani na fremu ya kioo cha mbele kisichokuwapo, na ndani ya fremu hiyo, kama kamera imepangwa kwa uangalifu, Zuhura.